Kanuni ya Mashine na Sikio la Mtoto

Somo la muziki katika shule zetu za msingi hufundishwa mara nyingi kwa kukariri. Mwalimu huandika ngazi ya sauti ubaoni, watoto huimba, kisha huambiwa sauti zipi zinapatana na zipi hazipatani. Sababu haielezwi. Sisi twaona kwamba desturi hii haina budi kuachwa, na hoja yetu twaichota mahali ambapo wasomaji pengine hawakutazamia: katika kompyuta.

Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, José Pedro Magalhães na W. Bas de Haas, walieleza programu yao iitwayo HarmTrace, ambayo huchambua upatanifu wa sauti yenyewe. Imeandikwa kwa Haskell, lugha ya kompyuta iliyojengwa juu ya fanksheni. Fanksheni ni kanuni ambayo, ikipewa kitu kilekile, hutoa jibu lilelile daima. Programu hiyo hupewa makundi ya sauti kwa mfuatano wake, nayo huyachambua kama mwalimu wa sarufi achambuavyo sentensi: kundi hili ni makao, hili linadai kurudi makaoni, na hili linaandaa dai hilo.

Jambo hili laweza kufundishwa bila mashine yoyote. Tuchukue darasa la watoto hamsini hapa Mirongo, mjini Mwanza, lisilo na kinanda. Mwalimu atoe kanuni moja: chukua sauti, ruka moja, chukua, ruka moja, chukua. Ukianza na do, wapata do, mi, so. Ukianza na fa, wapata fa, la, do. Ukianza na so, wapata so, ti, re. Hiyo tayari ni fanksheni. Kisha darasa ligawanywe mafungu matatu, kila fungu liimbe sauti yake. Mwalimu awasimamishe kwenye so, ti, re, awaulize: Je, wimbo umekwisha? Watoto watakataa. Waimbe sasa do, mi, so, nao watatua. Hapo wamegundua kanuni kwa masikio yao, wala hawakuikariri.

Lakini hapa pana hatari, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Programu tuliyoitaja, ikikuta kundi lisiloingia katika kanuni zake, husahihisha: hulifuta, au huongeza jingine, mpaka uchambuzi ukamilike. Kwa mashine hiyo si kosa, maana imeundwa kwa muziki wa asili ya Ulaya. Kwa mwalimu ni kosa kubwa. Wagogo wa Dodoma wana uimbaji wa sauti nyingi uliokomaa, ambao marehemu Hukwe Zawose (1938–2003) aliupeleka mbali duniani. Ngazi yao hufuata sauti za asili zilizomo ndani ya kila mlio, na ya saba kati ya hizo iko chini ya sauti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa kadiri ya theluthi moja ya nusu toni. Mwalimu aliyekariri atasema mtoto wa Kigogo amekosea sauti. Hajakosea. Anafuata kanuni nyingine, yenye utaratibu wake.

Je, twende shuleni kumfuta mtoto huyo ili wimbo wetu ukamilike? La, hasha. Kanuni ni chombo cha kuusikiliza wimbo, si rungu la kuupigia. Kwa hiyo twawashauri walimu wanafunzi, wanapokwenda mazoezini, wafundishe kanuni ya do, mi, so kwa uwazi, kisha siku ya pili wawaombe watoto walete nyimbo za nyumbani, za kilimo za Kisukuma au nyinginezo. Darasa zima litafute: wimbo huu unatua wapi? Sauti zipi hukutana? Kanuni yake ni ipi?

Mashine hufuata kanuni iliyopewa. Mwalimu hana budi kutambua pia ile ambayo hakupewa.