Fundi wa Kalundu Hakualikwa

Kila warsha ya elimu ya ufundi hapa Uvira huwakutanisha watu walewale: mtu wa wizara, mfadhili, mkuu wa shule. Hulalamikia pengo la ujuzi, hutia saini hati ya ushirikiano, hupiga picha. Fundi anayefufua injini ya mtumbwi kule Kalundu hayumo ukumbini, ingawa ni kwa watu kama yeye vijana wetu wengi wanajifunzia kazi.

Msimamo wangu sitauficha: kwenye pwani hii ya Ziwa Tanganyika mwajiri ni fundi. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimamishwa na vita mwaka 1996, na anayengoja kampuni kubwa ije kushirikiana na shule zetu atangoja sana. Kazi zenyewe zipo: taa za wavuvi wa ndagala, sola, pikipiki, malori yanayoharibika kwenye Barabara ya Taifa namba 5, kuta za kujenga upya tangu mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020. Lakini zimo katika karakana za watu watatu au wanne, ambazo hakuna anayeziandikia barua ya mwaliko.

Wala hatuhitaji sheria mpya. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inautambua mkataba wa uanagenzi. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, ipo tangu 1964, na waajiri huichangia. Kilichobaki ni kuunganisha: karakana iandikishane na kijana, shule impe saa chache za hesabu na kusoma michoro, INPP imtahini, fundi alipwe kwa muda wake. Ndiyo, alipwe. Wanaopata fedha za kumpa posho kila anayesinzia warshani wasituambie kwamba za mwalimu wa kweli hazipo.

Watasema fundi hajui nadharia. Basi apimwe. Ng'ambo ya ziwa hilihili, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania, huwapima mafundi waliojifunzia kazini, huwaongezea palipopungua, kisha huwapa vyeti. Fundi wetu anaweza kutengeneza boti iliyotoka Kigoma, lakini hana karatasi ya kumwombea kazi Kigoma.

Waandishi wa toleo hili hawakubaliani nami wote, na ni heri. Wa kwanza anatetea shule za ufundi za serikali. Dai lake la vifaa ni la haki, maana umeme haufundishwi kwa chaki. Wa pili anachunguza kozi fupi za ushonaji zinazomalizikia kwenye kugawa vyerehani, bila mtu kuuliza nguo zitanunuliwa na nani. Ipo makala juu ya wasichana katika uchomeleaji. Ya mwisho inauliza nani atachomelea vyuma vya Ruzizi III, mradi wa umeme wa megawati 206 wa Kongo, Rwanda na Burundi. Mwandishi ana matumaini. Mimi nasema tukiendelea hivi watachomelea wageni, na vijana wetu watabeba saruji.

Wakuu wa shule, kuanzia Kavimvira hadi Baraka, nawaomba jambo moja: kabla ya kutia saini hati nyingine ukumbini, andikeni mkataba mmoja wa uanagenzi na karakana iliyo jirani yenu. Tuleteeni nakala, tutaichapisha.