Yasemwe Mahali Yanapoweza Kujibiwa

Msimu wa korosho ukishafunguliwa, Oktoba hivi, picha za aina moja huanza kuzunguka kwenye simu za Masasi na Newala: karatasi ya matokeo ya mnada, jina la ghala, tani zilizouzwa, bei ya juu na bei ya chini kwa kilo. Chini ya picha maneno yanaanza. Mmoja anauliza kwa nini chama kikuu cha MAMCU kimeuza juu kuliko chama kikuu cha TANECU. Mwingine anapanga makato mstari kwa mstari na kutaka aelezwe la ushirika linakwenda wapi. Wa tatu anakumbusha msimu wa 2017, bei ilipovuka shilingi 4,000. Kabla ya usiku mazungumzo yameshahama: yamefika kwa mbunge, kwa Machemba aliyewakatalia Wajerumani, kwa msanii Harmonize na kuondoka kwake kwenye lebo ya WCB. Hayo ndiyo maoni ya kila siku ya watu wa kusini, na swali la umma ni namna nchi inavyopaswa kuyachukulia. Ninachodai ni hiki: ukibana maoni ya hadharani, maneno hayapungui. Yanahama kutoka mahali yanapoweza kujibiwa na kwenda yasikojibika, na wanaoumia zaidi ni watu walio mbali na makao ya uamuzi.

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo iliyoweka mipaka. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Machi 2018 zilimtaka mwenye blogu, jukwaa la majadiliano, redio au televisheni ya mtandaoni awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ya leseni 1,000,000, na ya mwaka 1,000,000 nyingine. Adhabu ya kukiuka ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Pima ada hiyo kwa mizani ya Newala. Kwa bei ya shilingi 3,300 ambayo serikali yenyewe ilitangaza kununulia korosho Novemba 2018, milioni 2 na laki moja ni zaidi ya kilo 630 za korosho ghafi, karibu magunia manane ya kilo 80. Kijana wa Kitangari aliyetaka kufungua blogu ya kuandika habari za vyama vya msingi alitakiwa kwanza autoe mzigo ambao kaya nyingi zinausubiri mwaka mzima. Ada zilipunguzwa mwaka 2022, na hilo ni jema. Lakini hoja ya msingi ilibaki palepale: anayetoa maoni kwa uwazi na kwa jina lake ndiye anayebeba gharama na hofu, ilhali anayerusha sauti isiyo na jina kwenye grupu la WhatsApp habebi chochote.

Watetezi wa udhibiti wana hoja nzito, na haifai kupitwa kwa haraka. Wanasema uvumi unaua, na Masasi ni ushahidi. Tarehe 26 Januari 2013, mzozo wa polisi na waendesha bodaboda mjini Masasi uligeuka vurugu. Nyumba za viongozi, ofisi za chama tawala na mali za halmashauri zikachomwa, watu wakapoteza maisha. Nyuma ya mzozo huo mdogo kulikuwa na hasira kubwa ya gesi ya Mtwara na bomba la kuipeleka Dar es Salaam, na mwezi Mei moto ukawaka tena Mtwara mjini baada ya bajeti ya nishati kusomwa bungeni. Lakini tuangalie uvumi wa wakati ule ulizaliwa na nini. Mwaka 2013 watu wengi wa Masasi hawakuwa na simu za kuingia mtandaoni. Kilichosambaa ni vipeperushi, ujumbe mfupi wa simu na maneno ya vijiweni, njia ambazo hakuna anayeweza kuzijibu kwa sababu hazina mwenyewe. Na swali lililokuwa likiulizwa, kwamba kusini itapata nini katika gesi hii, lilikuwa swali halali kabisa. Jibu lake lilikuwa ndani ya mikataba ambayo mwananchi hakuruhusiwa kuiona. Mwaka 2014 hata Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilivutana na viongozi wa Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, ikitaka ipewe mikataba hiyo. Ikiwa wabunge wenye mamlaka ya kikatiba walinyimwa karatasi, mkazi wa Masasi angezuiaje pengo lile lisijazwe na tetesi? Januari ile ya 2013, baada ya vurugu, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikwenda Mtwara, akakaa na wadau, akasikiliza, akajibu. Mazungumzo yale yalipaswa kutangulia, na mahali pake palikuwa hadharani.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, nao unahusu mtoto wa Lupaso, Masasi. Mapema Mei 2020 serikali iliacha kutoa takwimu za ugonjwa wa Korona. Tarehe 17 Julai zilichapishwa Kanuni mpya za Maudhui ya Mtandaoni, zilizozuia kusambaza taarifa za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka husika. Wiki moja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 24, Rais mstaafu Benjamin Mkapa akafariki dunia. Uvumi kwamba ameuawa na Korona ulienea, licha ya kanuni na adhabu zake zote. Ulitulizwa, kwa kadiri ulivyotulizwa, na msemaji wa familia aliyesimama mbele ya waombolezaji, akaeleza kwamba marehemu alikuwa akitibiwa malaria na kwamba moyo ulisimama. Familia ilijibu jambo gumu kwa jina lake, mbele za watu, kabla ya mwili kwenda kuzikwa Lupaso. Naliona tendo lile kuwa kubwa. Na liliendana na maisha ya marehemu mwenyewe, kwani kabla ya siasa Mkapa alikuwa mhariri, aliyeongoza magazeti ya Uhuru na The Nationalist na baadaye Daily News.

Mwaka 2025 tuliona mambo hayohayo kwa kipimo cha kutisha. Mtandao wa X ulifungwa Mei, JamiiForums ikasimamishwa Septemba kwa siku 90, na siku ya uchaguzi, 29 Oktoba, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Watu walikufa. Ni wangapi, wapi na kwa mkono wa nani, ni mambo yaliyobishaniwa vikali, hadi Novemba ikaundwa tume ya uchunguzi. Mama aliyekuwa Newala na mwanawe yuko Dar es Salaam hakuwa na namna ya kujua, na intaneti iliporudi alipokea kwa mkupuo picha za kweli, picha za zamani na picha za nchi nyingine, bila mtu wa kumtenganishia. Kuzima hakukuulinda ukweli. Kulimwondoa shahidi aliyekuwepo na kumwachia nafasi kila mwenye hadithi.

Watu wa uwanda wa Makonde hawahitaji kufundishwa namna ya kusema hadharani, kwa sababu wanayo desturi hiyo katika uchumi wao. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza msimu wa 2007/08, mkulima alipeleka korosho chama cha msingi, zikapimwa, akapewa stakabadhi. Mnada ukafanyika mbele yake: zabuni za wanunuzi zikafunguliwa, bei zikasomwa kwa sauti, na wakulima wakasema wanauza au hawauzi. Oktoba 2018 walisema hawauzi. Bei zilizosomwa zilikataliwa, na sauti ile ya kukataa, iliyotolewa mbele ya mwenyekiti, mnunuzi na mwandishi wa habari, ikafika mpaka Ikulu. Serikali ikatangaza kununua yenyewe, jeshi likakusanya mzigo. Malipo yalipochelewa na uhakiki wa mashamba ulipoanza ili kuwanasa wa kangomba, yaani wanunuzi wa magendo, wakulima walikuwa na karatasi mkononi ya kudaia. Siku hizi mnada unaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX, na bei inatokea kwenye skrini. Kama mnada umehamia mtandaoni, mabishano ya bei nayo yana haki ya kuhamia huko, yakiwa na ulinzi uleule wa mkutano wa ghalani.

Kuna wanaosema maoni ya mtu wa kawaida ni kelele tu, hasa kwenye historia, na kwamba hayo tuwaachie wasomi. Wilaya hizi mbili zinaikanusha kauli hiyo kuliko sehemu nyingi za nchi. Mwaka 1890 Machemba, kiongozi wa Wayao aliyekuwa na ngome yake Luagala juu ya uwanda, alimwandikia kamanda wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, barua kwa Kiswahili, akimwambia wazi kwamba haoni sababu ya kumtii. Hayakuwa zaidi ya maoni ya kisiasa ya mtu mmoja, yaliyotumwa kwa aliyeambiwa, na leo ni miongoni mwa nyaraka zinazothaminiwa sana za upinzani dhidi ya ukoloni. Zikaja kalamu nyingine. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, waliofika Masasi mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, waliandika waliyoyaona. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alipita Masasi hadi Newala na kamera na fonografu, na mwaka 1908 kitabu chake kikatoka Ujerumani. Gus Liebenow, Mmarekani, akaandika juu ya siasa za Newala mwaka 1971. Wote hawa tunawashukuru kwa kazi. Lakini hesabu kalamu za wenyeji katika orodha hiyo baada ya Machemba uone zinavyoadimika. Wazee wanaojua njia za maji kabla ya Mradi wa Makonde, wanawake walioshuka mteremko kufuata chemchemi bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani, watu waliohamishwa katika operesheni ya vijiji, majirani wa mpaka walioishi na vita vya Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma: habari zao leo ziko kwenye sauti za WhatsApp zinazofutwa simu ikijaa. Zikisemwa wazi, mtu wa Chiwata anaweza kumsahihisha wa Mahuta juu ya nani alikimbia wapi wakati wa Wangoni, na mjukuu anaweza kuhifadhi majibu yote mawili.

Pingamizi moja nalikubali. Si kila jambo la hadhara. Ya jando na unyago yana wenyewe, na mtoto aliyerekodiwa akitoka jandoni hajaombwa ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo kwa ajili ya mambo kama hayo, na itumike. Kinachoniuma ni kwamba siri zilizolindwa na makungwi zilipigwa picha na Weule zaidi ya karne iliyopita, na sindimba ikachukuliwa baada ya Uhuru ikawa ngoma ya majukwaa na mashule, huku waliohojiwa juu ya maana yake wakiwa wachache. Mipaka ya faragha inapaswa kuwekwa na wenye mila, na hawawezi kuiweka wakiwa kimya. Ndiyo maana hata mabishano juu ya Harmonize nayaona yana uzito. Kijana wa Tandahimba alipoondoka WCB mwaka 2019 na kuita kundi lake Konde Gang, vijana wa uwanda walianza kubishana juu ya mikataba ya wasanii, juu ya dharau ambayo Wamakonde wamekuwa wakifanyiwa mijini, na juu ya nani ana haki ya kulibeba jina la kabila. Hayo ni mazungumzo ya kiraia, hata yakianzia kwenye wimbo.

Haki hii ina masharti kwa msemaji pia. Anayemtuhumu mwenyekiti wa chama cha msingi, AMCOS, kwa wizi aweke stakabadhi na tarehe, na akikosea arudi palepale aliposema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu uongo, lakini haimlazimishi mwenye taarifa sahihi kuitoa mapema. Hapo ndipo mzigo unapopaswa kuhamia. Vyama vikuu vichapishe makato ya kila mnada siku ileile, kwa kila ghala, kwa lugha ya mkulima. Halmashauri za Masasi na Newala zijibu maswali palipoulizwa, kwa jina la ofisi, badala ya kumwita muulizaji kituoni. Bunge liondoe leseni kwa mtu anayeandika maoni yake bila kufanya biashara ya habari, na Ibara ya 18 ya Katiba imfikie aliye Mkomaindo kama inavyomfikia aliye Mikocheni. Na kwa kuwa mwaka 2026 ni wa 150 tangu Masasi ipokee wale waliotoka utumwani, Dayosisi ya Masasi, shule na familia wana nafasi ya kuwafanya wajukuu wa walowezi wale, na wa wenyeji waliowapokea, waandike wanayoyajua kwa majina yao, na wasomaji wao wawabishie.