Usingoje Mgeni Arekodi Wazee Wako

Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika hapa jirani, Kapkatet, akawarekodi Wakipsigis wakiimba "Chemirocha". Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyesikika huku kwa gramafoni. Rekodi zikahifadhiwa Afrika Kusini, zikapendwa ng'ambo. Ilipita zaidi ya miaka 60 ndipo zikarudishwa kijijini, na baadhi ya waliosikika humo walikuwa wameshazikwa.

Namshukuru Tracey, lakini wimbo usirudi nyumbani baada ya matanga.

Ndugu yangu, simu yako inarekodi. Gogo angali anakumbuka nyimbo za ujana wake. Keti naye wiki hii. Mrekodi, andika jina lake na mwaka, kisha wasikilizishe watoto yeye mwenyewe akiwepo.