Sheria ya Mji na Uvumbuzi wa Kiwanda

Wapo wanaoamini kwamba sheria za kuhifadhi hali ya hewa huvibana viwanda hata vikadumaa. Hoja hiyo ina ukweli kiasi, kwani mtambo mpya una gharama, na gharama hiyo huwalemea zaidi wenye mtaji mdogo. Hata hivyo, mfano wa mji wa Shenzhen, kusini mwa China, unatufundisha kwamba sheria iliyotungwa kwa busara yaweza kuchochea uvumbuzi.

Mji huo uliazimia kuyaondoa mabasi ya dizeli. Kufikia mwisho wa mwaka 2017, mabasi yake yote ya abiria, zaidi ya 16,000, yalikuwa yakienda kwa umeme. Azma hiyo iliwahakikishia wenye viwanda soko la bidhaa ambayo awali wanunuzi wake walikuwa haba, na ruzuku ya serikali ikapunguza tofauti ya bei. Kampuni ya BYD, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1995 kutengeneza betri, ilipata hapo uwanja wa kuendeleza betri za lithi, chuma na fosfeti, zisizohitaji kobalti wala nikeli. Betri za namna hiyo ni nzito zaidi kwa kiasi kile kile cha nishati, lakini hustahimili joto na hudumu. Basi, ambalo hurejea kituoni kila usiku na kutiwa umeme, laweza kuubeba uzito huo.

Tena, mwezi Juni 2013, mji ulianzisha soko la haki za kutoa hewa ya ukaa. Kampuni zaidi ya 600 ziliwekewa kikomo. Iliyopunguza kupita ilivyotakiwa iliweza kuuza ziada yake; iliyoshindwa ililazimika kununua. Sheria ilitaja kikomo tu. Njia ya kukifikia iliachiwa akili ya mhandisi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye somo kubwa.

Lakini tusijidanganye. Umeme ukizalishwa kwa makaa ya mawe, moshi haujatoweka bali umehama kutoka barabarani. Ruzuku nayo hutoka katika hazina ya umma.

Miji ya Afrika Mashariki nayo haina budi kutunga sheria zake. Swali ni hili: nani atavumbua vitu vitakavyotakiwa na sheria hizo? Mwanzilishi wa BYD, Wang Chuanfu, alisomea kemia ya metali kabla ya kufungua kiwanda. Mji ukiagiza mabasi safi huku shule zake hazina maabara, utabaki kuwa mnunuzi wa jasho la wengine, na kila betri itakayoharibika itawangoja mafundi wa ng'ambo. Kwa hiyo mwalimu asikubali betri ibaki mchoro ubaoni. Vipande viwili vya metali, maji ya ndimu na kipimo cha volti vyatosha kuanzia.