Haki ya Mwili na Haki ya Ahali



Baada ya kumshukuru Allah (s.w.t.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), mwezi huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo huenda baadhi ya wazee wetu wakashangaa kulikuta katika ukurasa huu, nalo ni mazoezi ya kunyanyua vyuma.

Pita jioni katika mitaa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hutakosa kuona uani kwa watu mtaimbo uliotiwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege pande zote mbili, na vijana wakipokezana. Wenye uwezo hulipa ada ya mwezi katika jimu zenye vioo na viyoyozi. Sisi hatulaumu. Kijana anayetoka jasho baada ya kazi ni bora mara nyingi kuliko anayekwenda kukaa na wavuta bangi, na maradhi ya sukari na shinikizo la damu yanayowasumbua wazee wetu huzuilika kwa kiasi kikubwa kwa mwili unaofanyishwa kazi.

Lakini mwandishi wa mistari hii ni mwalimu wa madrasa, na mwalimu husikia mambo ya nyumbani bila ya kuyauliza. Mwanafunzi mmoja wa miaka tisa alikwama katika Suratul-Mulk kwa wiki tatu. Nilipomuuliza nani anamsikiliza nyumbani, alijibu kwamba baba yake akitoka asubuhi yeye amelala, na akirudi kutoka kwenye vyuma yeye amelala. Siku sita kwa wiki ndiyo hali hiyo. Baba mwenyewe namjua. Si mlevi, hana tabia mbaya, na swala ya jamaa haimpiti. Ugumu wa suala hili uko hapo hapo: anachokifanya ni halali, tena cha kusifiwa, basi nani atamkemea?

Ukimkumbusha mtu wa namna hii, haraka atakutajia hadithi ya muumini mwenye nguvu, aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Hadithi ni sahihi, hatuna neno juu yake. Ila wengi wetu huikata katikati. Inaendelea kubainisha kuwa kheri imo kwa wote wawili, mwenye nguvu na dhaifu, kisha inamhimiza muumini akipupie kile chenye manufaa kwake. Naye Imam An-Nawawi, katika sherehe yake, ameifasiri nguvu hiyo kuwa ni azma ya nafsi katika mambo ya Akhera. Upana wa kifua hakuutaja.

Turejee kwenye kisa cha Salman na Abud-Dardaa (r.a.), alichokipokea Imam Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha udugu. Salman alipomzuru nduguye alimkuta mkewe amejiachilia, amevaa nguo za kazi, akamuuliza ana nini. Akaeleza kuwa mumewe hana haja tena na dunia. Abud-Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku. Salman akamfanya ale, kisha akamzuia kusimama mpaka sehemu ya mwisho ya usiku, wakaswali pamoja. Akamfahamisha kwamba Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki, na ahali yake ina haki, basi kila mmoja apewe haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), akamsadikisha Salman.

Tazameni kilichopunguzwa hapo: ni saumu na swala ya usiku! Wanazuoni wa Usuli wana kiyasi wanachokiita cha aula, yaani hukumu ikithibiti katika jambo kubwa, ina haki zaidi ya kuthibiti katika lililo chini yake. Ikiwa ibada ya sunna ilipunguzwa ili mke apate haki yake, mtaimbo wa zege una hoja gani?

Na haki ya mwili yenyewe si kubwa kama tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Wajuzi wa fani hii wanasema pia kuwa msuli hujijenga wakati wa mapumziko, baada ya kazi. Basi kwa mtu asiyejiandaa kwa mashindano, jioni tatu zinatosha. Hizo nyingine tatu anazichukua kwa watoto.

Tuligusie na suala la chakula, maana kina mama wametulalamikia. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini, na baba anayekula mayai sita kwa siku humaliza trei katika siku tano, ilhali watoto wanakunywa chai kwa kiporo. Dagaa na maharage ya chungu cha nyumba nzima yanajenga misuli vilevile.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), kama alivyopokea Abu Daud. Mara ya kwanza Bibi Aisha alimshinda, na baadaye mwili wake ulipoongezeka, yeye akashindwa. Hayo yalikuwa mazoezi pamoja na mke. Kina mama nao wana miili yenye haki, na mwongozo tulioutaja unawahusu wao kama unavyowahusu waume zao. Mume anayetoka jioni zote anamnyima mkewe hata nafasi ya kutembea nusu saa, kwani nani atabaki na watoto?

Yule baba tulizungumza naye baada ya Isha. Hakukasirika. Alidhani mtoto ana mvivu wa kusoma. Sasa ananyanyua jioni mbili, na Jumamosi asubuhi anafanyia uani kwake, mwanawe akimhesabia kwa Kiarabu. Jioni zilizobaki wanakaa na msahafu. Suratul-Mulk bado hawajaimaliza, zimebaki aya kumi.