Redio Yauzwa, Msikilizaji Je?

Biashara ya redio ina ajabu moja isiyokuwamo katika biashara ya duka. Anunuaye duka huzipata pia bidhaa zilizomo ndani yake. Lakini anunuaye stesheni hupata mlingoti, mitambo na kibali cha kutangaza. Ama wasikilizaji, ambao ndio hasa aliowatolea fedha zake, hao hawamo katika hati ya mauzo. Wakichukia kipindi watazungusha kitufe tu, na hapana kadhi wala jaji awezaye kuwarudisha.

Mfano ulio wazi watoka Marekani, katika stesheni ya WABC ya mji wa New York. Ilikuwa na nguvu ya wati 50,000, na usiku ilisikika majimbo ya mbali. Katika miaka ya 1960 na sehemu kubwa ya miaka ya 1970 ndiyo iliyotia fora mjini humo. Siri ya mkuu wake wa vipindi, Rick Sklar, ilikuwa nyepesi: nyimbo chache zinazopendwa, zirudiwe tena na tena, zisindikizwe na watangazaji wenye bashasha.

Basi Julai 1978, stesheni ndogo ya WKTU, iliyokuwa ikipiga nyimbo za upole kwa FM, iligeuka ghafla ikawa ya disko. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na zaidi ya sehemu 11 katika kila 100 za wasikilizaji, nayo WABC ikateremka kitini. Mlingoti ni ule ule, kilichobadilika ni santuri tu! Lakini msomaji asidhani kwamba huo ndio ufumbuzi wa kila stesheni iliyolala. Disko ilipowachusha watu, WKTU nayo ilizama, na mwaka 1985 ikageuzwa kuwa ya roki.

WABC haikuweza kupona kwa muziki, kwani vijana walikwisha kuionja sauti safi ya FM. Tarehe 10 Mei 1982, saa sita mchana, iliacha muziki ikashika maongezi. Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Siku ya mageuzi, msikilizaji wa zamani huondoka papo hapo, lakini yule mpya hajapata habari bado. Kwa hivyo hesabu hushuka kwanza, na huenda ikachukua miaka kupanda. Kampuni ya ABC ilikuwa na kifua cha kungoja, na maongezi yakaja kushika mizizi.

Mwenye deni hana kifua hicho. Mwaka 2007 stesheni hiyo iliingia mikononi mwa kampuni ya Citadel, na mwaka 2011 ikachukuliwa na Cumulus. Kampuni zote mbili zilifika mahakamani kuomba hifadhi kwa sababu ya madeni, ya kwanza mwaka 2009, ya pili mwaka 2017. Hatimaye tajiri wa maduka ya vyakula, John Catsimatidis, aliinunua kwa dola milioni 12 na nusu, na mwaka 2020 ikawa yake. Jambo moja alilofanya ni kumrudisha Bruce Morrow, mtangazaji wa enzi ile ya nyimbo, apige muziki wa zamani usiku wa Jumamosi. Muziki uliofukuzwa mwaka 1982 ukarudi kwa mlango wa nyuma.

Na hesabu yenyewe hupatikanaje? Kwa miaka mingi kampuni ya Arbitron iliwagawia watu wachache vijitabu, wakaandika kwa juma zima walichosikiliza. Baadaye katika miji mikubwa kikaja kijombo cha kubeba kinachoisikia redio chenyewe. Lakini wenye matangazo ya biashara huwatafuta zaidi watu wa miaka 25 hadi 54. Mzee wa miaka 70, hata asikilize mchana kutwa, thamani yake sokoni ni haba. Ndiyo maana stesheni yaweza kuwa na wasikilizaji wengi na bado igeuzwe.

Kwetu Kenya, serikali ilipoitwaa KBC mwaka 1964 ikawa Sauti ya Kenya, na jina la KBC liliporudi mwaka 1989, msikilizaji hakuwa na pengi pa kuhamia. Stesheni za watu binafsi zilianza kuja tangu 1996, na sasa Mombasa zi tele. Mwenye stesheni mpya akiondoa mawaidha ya Ramadhani au taarabu ya usiku, watu watahama bila ya kumwaga. Ila wale wazee wa barazani, redio moja watu kumi, sijui ni kijitabu gani kitakachoonyesha kwamba wamehama.