Kiki ya Kuwashia au Kiki ya Mjini? Staa, Fundi Wako Kasema Kweli

Ile klipu imeshazunguka kila grupu la WhatsApp. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jaketi la ngozi kwenye jua la Dar, anatoka mgahawani Masaki huku simu kibao zikimrekodi. Anapanda pikipiki yake mpya yenye sura ya kizamani, anabonyeza stata: tik. Anabonyeza tena: tik tik. Pembeni yake kijana wa boda anapiga kiki moja tu, chombo kinaitika, anaondoka zake akicheka. Mtandao ukachafuka.

Siku mbili baadaye staa akatangaza kwamba pikipiki yake itawekewa kiki, eti "iwe ya kiume kama za wazee wetu". Fundi wake akamwambia, "Bosi, hii kazi sifanyi, tutaua injini." Hapo ndipo balaa lilipoanza. Staa akaingia laivu, akamwita fundi wa mchongo, na mashabiki wakahamia kwenye ukurasa wa yule kijana kumwaga povu.

Sasa tuwekane sawa. Fundi yuko sahihi.

Watu wengi wanadhani kiki ni lile chuma la kukanyaga tu, unalinunua, unalifunga na bolti mbili, umemaliza. Wapi! Lile chuma ni mkono wa nje. Ndani ya injini kuna shafti yake, gia zake, meno ya kunasa na kuachia, na springi ya kurudisha mguu juu. Vyote hivyo vina nafasi yake ambayo kiwanda kiliiacha tangu injini inachorwa. Kama nafasi haipo, inabidi kutoboa kava, kukereza shafti mpya na kutafuta gia inayokubaliana na zilizopo. Ukikosea kidogo, oili inavuja. Ukikosea zaidi, kipande cha chuma kinaingia kwenye gia ukiwa spidi 80 barabarani. Na ukishachezea injini mpya namna hiyo, waranti nayo sahau.

Halafu kuna hili ambalo staa hakulisema laivu. Pikipiki nyingi za boda zinatumia kabureta, mafuta yanashuka yenyewe toka kwenye tenki. Hizi mpya za sura ya kizamani, ukiacha tenki la duara na taa ya mviringo, ndani ni za kisasa kabisa. Mafuta yanasukumwa na pampu ya umeme, na kuna kompyuta ndogo inayoamua yaingie kiasi gani. Betri ikifa kabisa, pampu inalala na kompyuta inalala. Utapiga kiki mpaka kiatu kipasuke, na hapo boda atakucheka mara ya pili.

Ukweli usemwe, hamu ya kiki inaeleweka. Ina raha yake. Yamaha SR400 ilianza kuuzwa Japani mwaka 1978 na mpaka toleo lake la mwisho la 2021 haikuwahi kuwekewa stata ya umeme. Ni mguu tu, miaka yote hiyo, na watu waliipenda hivyo hivyo. Ila ile ilizaliwa na kiki. Ina hadi kishikizo cha kupunguza mgandamizo ndani ya injini ili mguu usirudishwe kwa nguvu, maana kiki ikirudi vibaya inaweza kukuvunja kifundo. Kawasaki W650 ya 1999 ilikuja na vyote viwili, kiki na stata. Mdogo wake W800 alipotoka 2011, kiki haikuwepo tena. Royal Enfield Classic 350 nayo ilikuwa na kiki, lakini injini mpya ya 2021 ikaja bila. Viwanda vyenyewe, vyenye mainjinia na mashine zote, viliamua kuachana nayo. Leo fundi wa chini ya mwembe, mwenye tupa na mashine ya kuchomelea, ndiye alazimishwe kuirudisha?

Na ugonjwa wenyewe fundi alishautaja, ila haukuwa na mvuto wa kamera. Pikipiki inakaa wiki tatu gereji ya nyumbani wakati mwenyewe yuko kwenye shoo mikoani, na kengele ya wizi na kifaa cha kuifuatilia vinanyonya betri usiku na mchana. Betri nzima iliyotulia inasoma volti 12.6 hivi, ikishuka sana, stata inalia tik. Dawa yake ni chaja ya kutunzia betri nyumbani, au betri mpya, au ile pawabenki ya kuamshia injini unayoiweka kwenye begi. Hakuna kutoboa chochote. Na kama roho haitulii bila kiki, atafute pikipiki ya zamani iliyotoka nayo kiwandani. Pesa anayo.

Kinachouma ni kwamba kwa staa hii ni stori ya wiki moja. Wiki ijayo ataachia ngoma, watu watasahau. Lakini ukurasa wa fundi ndiyo duka lake. Wateja wanamjua pale, picha za kazi zake ziko pale, na leo mteja mpya akifungua anakutana na matusi mia ya watu wasiojua hata betri inakaa wapi. Kijana kakataa hela ya haraka ili mtu asiumie barabarani. Mafundi wangapi mjini hapa wangekataa hela ya staa? Wengi wangetoboa, wangepokea chao, na injini ikifa wangesingizia spea feki.

Staa alikuwa anatafuta kiki ya kuwashia, akaishia kupata kiki ya mjini, na bili kamwachia fundi. Aliyemwita wa mchongo akiwa laivu, amuombe radhi akiwa laivu. Posti moja tu inatosha, na amtaje kwa jina kama alivyomtaja wakati wa kumchafua.

Wewe je, ungekuwa fundi, ungetoboa au ungekataa? Tupia komenti yako hapo chini, bila matusi.